Muhuri Si Kadi: Ukiwa Poland, Usitokee Mlango wa Mashariki Kabla ya Kusoma Hapa

Kama unaishi Poland, viza yako ya D, ile ya kukaa muda mrefu, imekwisha na ombi lako la karta pobytu, yaani kadi ya ukaazi, bado liko ofisi ya mkoa, usikate tiketi ya Tbilisi kule Georgia, Chișinău kule Moldova wala ya nyumbani. Muhuri uliogongewa kwenye pasipoti, au hati ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa, unakuruhusu kukaa Poland mpaka uamuzi utoke. Ukishatoka, haukurudishi. Haukuruhusu hata kwenda Berlin kumsalimia binamu. Nitalirudia hili tena na tena, maana mtego huu unawanasa watu makini kabisa, wenye kazi, waliolipa ada na kodi zao zote, ambao hawajawahi kuvunja sheria yoyote.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 2009, mjini Praha, Umoja wa Ulaya ulianzisha Ubia wa Mashariki na nchi sita: Armenia, Azerbaijan, Belarus, Georgia, Moldova na Ukraine. Matunda yake yakaja taratibu. Raia wa Moldova wenye pasipoti za kibayometriki waliondolewa viza ya safari fupi Aprili 2014, Georgia ikafuata Machi 2017, Ukraine Juni mwaka huohuo. Ndiyo maana wenzako kazini, yule wa Lviv, Ukraine, na yule wa Kutaisi, Georgia, wanakwenda na kurudi na wanakuambia twende, hakuna shida. Kwao kweli hakuna shida, kwa sababu haki hiyo imo ndani ya pasipoti zao. Mhindi anayeishi Arusha kwa kibali hageuki kuwa raia wa Jumuiya akifika Namanga, hata kama basi zima limejaa Wakenya na Watanzania. Na wewe hapa ni hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza ya watu, fungua pasipoti usome ulichonacho mkononi.

Ukiwa na karta pobytu yenyewe, ile ya plastiki, na pasipoti iliyo hai, unatoka na kuingia, na unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Viza ya D iliyo hai inafanya kazi hiyohiyo, ila hakikisha siku ya kurudi iko ndani ya tarehe zake. Usipange kurudi siku yenyewe inayokwisha: ndege ikichelewa ukatua baada ya saa sita usiku, viza imekufa.

Viza ya C, ile ya safari fupi, ndiyo yenye hila. Angalia mstari wa idadi ya kuingia. Ukiona MULT, unaingia mara nyingi. Ukiona 01, umeshaitumia siku uliyotua. Hapa watu wanaumia kwa namna moja: Georgia huwapokea bila viza watu wa mataifa mengi walio na viza au kibali cha Schengen kilicho hai. Mtu mwenye viza ya 01 iliyobakiza mwezi mzima anapata tiketi ya bei nafuu ya Kutaisi, Wageorgia wanatazama tarehe, wanaona bado ni hai, wanamgongea. Anakula khachapuri siku nne kwa raha zake. Siku ya kurudi, kaunta ya ndege inamwambia hapandi. Tarehe ni hai, lakini ruhusa ya kuingia ilikuwa moja na imetumika. Kuruhusiwa kuingia Georgia hakuna maana yoyote kwa mlinzi wa mpaka wa Poland.

Ukraine ni habari nyingine kabisa. Kadi ya Poland haikuingizi Ukraine. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Ukraine yenyewe, na nchi iko vitani. Usiende Medyka, kwenye kivuko cha mpaka wa Poland na Ukraine, ukidhani utavuka kupiga picha upande wa pili na kurudi.

Na ule ushauri wa zamani wa kutokea Romania au Bulgaria "kusimamisha siku", yaani hesabu ya zile siku 90, uacheni. Nchi hizo zimo ndani ya Schengen kikamilifu tangu 1 Januari 2025. Wanaousambaza bado kwenye magrupu ya WhatsApp wanawaponza wenzao.

Turudi kwenye muhuri, maana hapo ndipo kilio kilipo. Muhuri una tarehe uliyowasilisha ombi na hauna tarehe ya mwisho. Jicho la mtu aliyezoea viza likiona hakuna tarehe ya mwisho linaona uhuru. Sivyo. Muhuri unazungumzia kukaa tu. Ukitoka Schengen ukiwa nao na viza ya D imekwisha, utahitaji viza mpya ya kuingilia, ambayo inaombwa kwa konsuli wa Poland kupitia mfumo wa e-Konsulat, na nafasi za miadi ni za kugombania. Balozi zipo Nairobi na Dar es Salaam, lakini kuwepo kwa ubalozi si kuwepo kwa miadi wiki unayoitaka.

Kuna msiba, au mama anaumwa, na huna budi kusafiri? Basi safiri hivi. Toka Poland moja kwa moja hadi nje ya Schengen: Warsaw kwenda Istanbul, Doha au Dubai, kisha nyumbani. Usikate tiketi ya kupitia Frankfurt, Amsterdam wala Paris hata ikiwa nusu bei, kwa sababu ndege ya Warsaw kwenda Frankfurt inakuingiza Ujerumani, na Ujerumani huna ruhusa ya kuwepo. Beba barua ya mwajiri au ya chuo, nakala ya ombi zima na stakabadhi ya ada. Ukifika nyumbani anza viza siku ya kwanza, usingoje arobaini ipite.

Kabla hujaondoka, weka mtu wa kupokea barua zako. Hili ni jambo la pili linaloua maombi, na ni la kimya kimya. Ofisi ya mkoa huandika barua. Tarishi akikukosa anaacha kwenye kisanduku karatasi ya awizo, yaani taarifa kwamba kuna barua inakungoja. Baada ya siku 7 huacha ya pili. Zikitimia siku 14 tangu ya kwanza, sheria inahesabu umeipokea barua, hata kama uko Moshi kwenye matanga. Kama ndani yake wameomba nyaraka zilizopungua, muda wa kuzileta unaweza kuwa siku 7 tu, na ukipita wanaliacha ombi bila kulishughulikia. Kama ni uamuzi wa kukataa, una siku 14 za kukata rufaa, nazo zinakwenda bila wewe kujua. Ombi likiachwa hivyo, muhuri nao unakosa maana.

Dawa yake ni rahisi mno kulinganisha na hasara: mwandikie mtu unayemwamini pełnomocnictwo, yaani umpe mamlaka ya kukuwakilisha, ulipe ushuru wa złoty 17, uipeleke ofisini iingie kwenye faili lako. Barua zitakwenda kwake. Chagua mtu anayeishi anwani moja na anayefungua kisanduku cha posta kila siku. Ukihama nyumba, iarifu ofisi kwa maandishi siku hiyohiyo; barua iliyotumwa anwani ya zamani inahesabiwa imefika.

Mambo mengine ni ya kawaida. Peleka ombi kabla ya siku ya mwisho ya ukaaji halali, hata siku moja kabla inatosha kisheria, ila usiwe mtu wa siku moja kabla. Alama za vidole unatoa mwenyewe, kadi unaichukua mwenyewe. Tembea na pasipoti pamoja na kadi hata ndani ya Schengen: Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpaka wa Poland Oktoba 2023, na Poland nayo ikaanza kukagua mipaka ya Ujerumani na Lithuania Julai 2025. Mabasi yanasimamishwa na watu wanaulizwa.

Kwenye kazi mtego ni uleule kwa sura nyingine. Utasikia kwamba fulani ameanza kazi kwa oświadczenie, karatasi ambayo mwajiri anaisajili ofisi ya ajira na mambo yanakwisha haraka. Njia hiyo ni ya raia wa nchi chache tu za mashariki, kama Ukraine, Moldova, Armenia na Belarus. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki kwenye orodha. Ajenti anayemuuzia mdogo wako oświadczenie akiwa Kampala au Bujumbura anamuuzia karatasi isiyomhusu. Yeye anahitaji kibali cha kazi kinachoombwa na mwajiri mwenyewe. Mwanafunzi wa masomo ya muda wote, mwenye viza au kibali cha masomo, hahitaji kibali hicho; hiyo ndiyo nafuu yetu, tuitumie.

Ninavyowaona Wapoland, hawana hila katika haya. Ni watu wa karatasi na tarehe. Ukiwa sawa kwenye karatasi, ofisa atakusaidia bila tabasamu, na ukikosea kwa siku moja hatakusaidia kwa tabasamu. Mashariki kwao ni jirani wa vita na ndoa na historia ndefu, na sisi ni watu wa mbali. Mwaka 2022 walipowafungulia nyumba zao waliokimbia vita Ukraine, kule Przemyśl karibu na mpaka, ilikuwa ni ukarimu wa kweli. Lakini ulinzi wa muda uliotangazwa na Umoja wa Ulaya Machi mwaka ule uliwekwa kwanza kwa raia wa Ukraine, na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Ukraine kwa vibali vya muda vya masomo hawakuingia moja kwa moja. Hilo liliuma, na lina haki ya kuuma. Kumchukia Mukraine wa kazini hakulibadilishi. Kujua karatasi yako kunakukinga.

Sasa ninyi wazee na ndugu wa nyumbani, kwa heshima yote. Msimtume kijana Minsk wala Moscow kwa ahadi ya ajenti kwamba "ukifika pale Poland ni kutembea tu". Mpaka wa Belarus una uzio wa chuma wa mita 5.5 kwa kilomita 186, askari, kamera, msitu wa Białowieża na mto Bug. Watu wamekufa humo kwa baridi tangu 2021. Tangu Machi 2025 Poland imesitisha kupokea maombi ya ukimbizi kwenye mpaka huo, isipokuwa kwa makundi machache kama watoto wasio na walezi na wajawazito. Finland nayo imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Urusi tangu Desemba 2023. Shamba mliloliuza halitarudi, na kijana anaweza asirudi. Mkitaka awe Ulaya, mlipieni ada ya chuo chenye barua ya udahili inayoweza kuthibitishwa.

Kwa aliyekwama tayari Tbilisi au Chișinău: usijaribu njia ya barabara, kwani ukikataliwa mpakani rekodi inabaki. Hesabu siku ulizoruhusiwa kukaa ulipo na usizizidishe hata moja. Wasiliana na ubalozi wa Poland wa mji huo uulize kwa maandishi kama watapokea ombi la viza ya D la mtu asiye mkazi. Wanaweza kukuelekeza nchi yako, na kama ndivyo, nenda mapema kabla pesa haijaisha. Mwambie mwajiri au chuo siku hiyohiyo, omba barua mpya, na hakikisha mwenye pełnomocnictwo anafungua kisanduku cha barua kila jioni.