Namna ya Kuandika Historia ya Kuanzishwa kwa Kanisa la Mahali Penu

Usharika au kigango kinapokaribia jubilei, kamati huundwa na mjumbe mmoja huagizwa aandike historia. Mara nyingi anachokuja nacho ni orodha ya wachungaji au mapadre pamoja na tarehe ya jiwe la msingi. Ukipewa kazi hiyo, amua kwanza, tena kwa maandishi, ni tukio lipi unaloliita mwanzo.

Tazama Mkunazini, Unguja. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika kisiwani mwaka 1864 wakiongozwa na Askofu Tozer. Soko la watumwa la hapo Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali hapohapo siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Hata hivyo, vijana waliokombolewa utumwani walikuwa wameanza kufundishwa na kusali pamoja miaka mingi kabla ya hapo, na kwa hiyo anayeanzia 1873 anaandika historia ya jengo. Kwa maoni yangu, siku ya kwanza watu walipokusanyika kusali, hata kama ilikuwa chini ya mwembe, ndiyo inayostahili ukurasa wa kwanza.

Ili kuipata siku hiyo, anza na daftari la ubatizo. Usinakili majina tu, bali angalia ni nani aliyebatiza, wazazi walikuwa wakiishi wapi, na ni familia zipi zinazojirudia. Linganisha daftari hilo na mihutasari ya vikao vya wazee, vitabu vya sadaka na hati ya kiwanja. Pale kumbukumbu zinapokatika, usidhani kwamba kanisa lilikufa. Katika Tanganyika, Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wengi wa Kijerumani, na sehemu nyingi walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliobaki wakifundisha na kuongoza ibada. Ukimya wa barua za wamisionari huenda basi ukawa ndio wakati ambao waumini walilishika kanisa lao wenyewe, na sura hiyo iandikwe kwa urefu kuliko nyingine.

Kisha waendee wazee, ukianza na walio wakongwe zaidi, maana hao hawangoji kamati imalize vikao vyake. Ukimuuliza bibi wa miaka tisini kanisa lilianza mwaka gani, huenda akakujibu ili kukuridhisha tu. Muulize badala yake kama alikuwa ameolewa, kama ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961, au kama watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji. Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu kanisa linalodhaniwa kuzaliwa katikati ya miaka ya 1970 pengine lilikuwapo tangu zamani katika makazi ya awali, na kilichohama ni waumini pamoja na benchi zao. Uliza pia nani alichota maji ya kufyatulia tofali na nani alimlisha mwalimu alipokuwa hana mshahara. Hapo majina ya akina mama, ambayo mihutasari huyaacha, yatajitokeza yenyewe.

Masimulizi mawili yakipingana, yaandike yote mawili na utaje kila moja limetoka upande gani. Magomvi ya kiwanja na mafarakano yaliyozaa kanisa jingine jirani yaelezwe kwa staha, bila kuyafuta, kwa kuwa wajukuu wa pande zote mbili watasoma.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya wazee kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa, na mtu mwingine aandike kila pingamizi. Chapeni nakala za kutosha, na mojawapo ipelekwe makao makuu ya dayosisi au jimbo, kwa kuwa kabati la ofisi ya usharika lina mchwa.