SOMO: Kusoma jalada la Inkwizisheni la mateka aliyesilimu Algiers

Wadau, swali ni lile lile: "Nimepata jalada la mateka aliyesilimu Algiers, mwenyewe anasema alilazimishwa. Niandike alilazimishwa?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Tunazungumzia karne ya 16 na 17: mabaharia, wavuvi na watu wa pwani za Hispania na Italia waliotekwa na maharamia wa Algiers, Tunis na Tripoli, wakasilimu, baadaye wakajikuta mbele ya Inkwizisheni, yaani mahakama ya kanisa ya kulinda imani. Makarani waliwaita renegado.

Hatua ya 1. Jua umeshika karatasi gani. *Relación de causas* ni muhtasari uliotumwa Madrid kwa baraza kuu. Miaka 20 ya mtu inaweza kubanwa kwenye ukurasa mmoja. Kesi nzima ni *proceso*. Za Palermo usipoteze nauli, kumbukumbu zilichomwa moto 1783, ndiyo maana Sisilia tunaisoma kwa mihtasari ya Madrid. Za Malta zipo Mdina, ila hiyo ni Inkwizisheni ya Roma, si ya Hispania.

Hatua ya 2. Nakili jina la ubatizo, jina la Kiislamu, alikozaliwa, umri alipotekwa. Umri ni wa kukadiria.

Hatua ya 3. Alifikaje mahakamani? Alijileta mwenyewe, au alikamatwa ndani ya meli ya maharamia? Aliyejileta kwa kawaida alipata adhabu nyepesi. Aliyekamatwa huenda anangojwa na galé, yaani kifungo cha kupiga makasia melini, na kila neno lake lipime kwa hilo.

Hatua ya 4. "Kwa mdomo, si kwa moyo." Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo someni polepole. Karibu kila jalada lina maneno haya: alinyanyua kidole, akatamka shahada, akavaa kilemba, lakini moyoni alibaki Mkristo. Ukiyahesabu kama takwimu utapata kwamba karibu wote walilazimishwa, na utakuwa umehesabu sheria ya kanisa, hukuhesabu watu. Kwa sheria ile uzushi, yaani kuiacha imani ya kanisa, ni kosa la nia. Aliyetenda bila kuamini ametenda dhambi, lakini si mzushi kamili. Hakimu alilazimika kuuliza nia, mshtakiwa alijua jibu linalomwokoa, na karani alikuwa na sentensi yake tayari. Wengine waliteswa kwa ajili ya nia tu, matendo yakiwa yameshakubaliwa. TAHADHARI: usigeuke upande wa pili ukasema wote walidanganya. Vipigo vilikuwepo, na waliotekwa wakiwa watoto walikuwepo wengi. Andika "alidai", kisha nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5. Tafuta yanayomgharimu: mke, watoto, safari za uharamia, nafasi za kutoroka alizoziacha, na maneno ya mateka wenzake waliokombolewa. Ukaguzi wa daktari ulithibitisha tohara. Imani haukuigusa.

Hatua ya 6. Usiandike "alisilimu akawa huru". Uhuru ulitoka kwa bwana, kwa kumwacha huru au kwa mukataba wa kujinunua. Kusilimu kulifunga mlango wa fidia, maana Watrinitari na Wamersedari, watawa wa kukomboa mateka, walikomboa Wakristo. Ndiyo maana bwana mwenye mateka wa bei kubwa hakufurahi kumwona anasilimu. Cervantes, mwandishi wa Don Quixote, alitekwa 1575 akiwa na barua za wakubwa, akadhaniwa mtu mzito, bei ikapanda. Alikombolewa 1580 kwa escudo 500.

MASWALI

Kiboko_Mpole: Mkuu, kwa hiyo ni asilimia ngapi walilazimishwa?
Mwandishi: Hatua ya 4.
Kiboko_Mpole: Nimesoma, sijaona namba.
Mwandishi: Ndiyo maana yake.

binti_wa_pwani: Shikamoo mwalimu. Kwenye sijili (daftari) za kadhi wa Kiosmani naona "bin Abdullah" wengi mno. Ni ukoo mmoja?
Mwandishi: Marahaba, swali zuri. Aliyesilimu hakuwa na baba Muislamu wa kuandikwa, akaandikwa mwana wa Abdullah, yaani wa mja wa Mungu. Ni dalili, si ushahidi, kwa sababu wapo ambao baba zao waliitwa hivyo kweli. Tafuta kando yake neno la kuachwa huru au nchi ya asili. Zingatia pia "bint Abdullah": wanawake ni wachache kwenye Inkwizisheni, lakini kwa kadhi utawakuta kwenye ndoa, mirathi na hati za uhuru.

Jongoo77: Hili somo ni la kuwasafisha Waarabu au Wazungu?
Mwandishi: La kusoma majalada. Malta na Livorno (bandari ya Italia) zilijaa watumwa Waislamu, na kubatizwa peke yake hakukuwaweka huru.

fundi_mashua: Yusuf bin Hasan wa Mombasa tunamsoma hivi hivi?
Mwandishi: Njia ni ile ile, maswali ni mengine. Alilelewa na watawa Waagustino huko Goa, India, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Agosti 1631 akarudi Uislamu na kuitwaa Fort Jesus. Yeye hakuhojiwa. Ushahidi uliokusanywa Goa ulilenga kuonyesha kwamba Wakristo waliouawa katika tukio hilo walikufa kwa ajili ya dini, hivyo mhojaji alihitaji kusikia kwamba walitakiwa kusilimu wakakataa. Anza na orodha ya maswali ndipo usome majibu.

Kiboko_Mpole: Nimekuta "Turco" (Mturuki) aliyezaliwa Calabria, kusini mwa Italia. Karani amekosea?
Mwandishi: Sasa unasoma! Hajakosea. "Kuwa Mturuki" ni kusilimu. Uluj Ali, aliyeongoza ubavu mmoja wa meli za Waosmani kwenye vita vya Lepanto 1571, ni mtu wa Calabria.

binti_wa_pwani: Niongeze kwa wanaohangaika na mwandiko: "xpiano" si jina la mtu. X na p ni herufi za Kigiriki za mwanzo wa "Kristo", soma *cristiano*.
fundi_mashua: Duh, huyo Xpiano nilishamfungulia faili lake.