Kaunta ikihesabu mfuko mmoja mara mbili

Wenye mashine za kusaga huku Unga Limited, Arusha, kabla hujaitupa kaunta ya kidijitali, kile kifaa kinachohesabu mifuko, ukidai ni feki, angalia kwanza swichi inayoguswa na mfuko ukipita kwenye mkanda. Swichi ya kugusana haifungi mara moja ikatulia. Vibati vyake vya ndani hudundadunda kwa milisekunde chache, na kaunta iliyowekwa kasi kubwa huhesabu kila mdundo. Mifuko imepita 200, kioo kinasema 431, anayeshukiwa ni mtunza stoo, maskini.

Ingia kwenye mpangilio wa kasi ya kuhesabu. Kaunta nyingi zina chaguo la chini, kama mapigo 30 (yaani ishara 30 za swichi) kwa sekunde. Weka hilo, mfuko gani wa unga utapita kasi zaidi ya hapo? Sensa inayosoma shafti ya mota ni habari nyingine: hiyo ipe kasi ya juu, la sivyo itaruka hesabu.

Waya wa sensa nao usiufunge pamoja na waya wa mota, usije ukaleta hesabu za uongo. Halafu zima umeme makusudi uone kama namba inabaki.