Kufuata Safari ya Maji Nyikani: Mwongozo wa Somo la Sayansi kwa Wanafunzi wa Shule ya Msingi

Mwongozo huu ni kwa walimu wa Arusha na Moshi wanaotaka kuwatoa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nje ya darasa, ili wajifunze sayansi kwa vipimo wanavyovichukua kwa mikono yao wenyewe. Jangwa kamili hatuna, kwa kuwa kwa kawaida jangwa huhesabiwa kuwa eneo lisilopata zaidi ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, lakini tuna nyika kame inayopakana na mashamba ya migomba, na ujirani huo ni hazina kwa mwalimu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, hupoa zinapopanda, huangusha mvua, kisha hushuka upande wa pili zikiwa kavu. Ndiyo maana mtoto aliyezoea mifereji ya Tengeru anaweza kupanda basi la barabara ya Namanga na, kabla jua halijawa kali, akashuka Oldonyo Sambu penye migunga, vumbi la majivu ya volkano na makorongo. Walimu wa Moshi watapata hali inayokaribiana na hiyo katika tambarare za Sanya.

Hatua ya kwanza: chagua swali moja tu

Ziara nyingi za shule huharibika kwa sababu mwalimu anataka kuonyesha kila kitu: ndege, miamba, miti, wadudu na historia ya wenyeji, yote kwa asubuhi moja. Watoto hurudi wakiwa wamechoka na wakiwa hawana jambo hata moja wanaloweza kulithibitisha. Mimi hushikilia swali moja, nalo ni hili: mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi? Swali hilo linagusa udongo, joto, mimea, wadudu na mifugo bila kumtoa mtoto kwenye njia, na kila sehemu ya jibu lake inaweza kupimwa kwa vifaa vya bei ndogo.

Wakati mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, baada ya masika kuisha na kabla ya mvua za vuli, kwa sababu udongo huwa umekauka vya kutosha na tofauti kati ya sehemu moja na nyingine huonekana wazi.

Hatua ya pili: kagua eneo na upate ruhusa

Nenda peke yako kwanza, au pamoja na mwalimu mwenzako, angalau wiki moja kabla ya wanafunzi. Pita kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, ueleze mnachotaka kufanya, na uombe mtu anayeijua ardhi hiyo awe nanyi siku yenyewe. Hakikisha kwamba eneo si mapito ya tembo wala si hifadhi yenye taratibu zake za kuingia. Tafuta mahali penye mambo matatu yaliyo karibu karibu: ardhi tupu iliyokanyagwa na mifugo, mgunga mkubwa wenye kivuli, na kichuguu chenye mchwa hai. Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi ipatikane kwa maandishi, na barua ya wazazi itaje mavazi yanayotakiwa, yaani viatu vilivyofunika mguu, kofia na nguo za mikono mirefu.

Kuhusu usalama sina mzaha. Kila mtoto abebe maji yasiyopungua lita moja na nusu, na basi libebe mengine ya akiba. Kwa kila watoto kumi awepo mtu mzima mmoja. Mtoto asiingize mkono kwenye shimo, asigeuze jiwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa nge hupenda kujificha chini yake, na atazame anapokanyaga, kwa kuwa kifutu hulala kimya njiani na rangi yake hufanana na majani makavu. Ikiwa kuna mnyaa karibu, waonyeshe wanafunzi mapema na uwakataze kuuvunja, kwani utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Kazi za juani zianze saa moja na nusu asubuhi na zimalizike saa tano.

Hatua ya tatu: andaa vifaa

Kwa kila kundi la watoto watano utahitaji kipande cha bomba la plastiki la inchi nne chenye urefu wa sentimita 15, chupa iliyowekwa alama ya robo lita, rula, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, daftari na kalamu ya wino. Kipimajoto kiwe cha pombe au cha dijitali, kisiwe cha zebaki, kwa kuwa kikivunjika nyikani hutaweza kuikusanya zebaki iliyomwagika. Fundi bomba yeyote atakukatia vipande hivyo. Mwombe anoe ukingo mmoja wa kila kipande ili uingie ardhini kwa urahisi. Chukua pia nyundo ya mbao, kipande cha ubao, jembe dogo, na nailoni angavu kutoka duka la pembejeo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni ya kufunikia miche, na uirudishe yote shuleni.

Hatua ya nne: andikeni makisio kabla ya kugusa kitu

Kila kundi liandike kwa wino makisio yake: robo lita ya maji itazama kwa muda gani kwenye ardhi tupu, chini ya mgunga, na kando ya kichuguu? Nasisitiza wino kwa sababu penseli hufutika, na mtoto akiona jibu limekuja tofauti na alivyodhani, kishawishi cha kufuta ni kikubwa. Makisio yaliyokosea ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapoanza kuuliza kwa nini.

Hatua ya tano: pimeni joto la udongo

Pimeni joto la udongo wa juu kwenye jua, kisha kwenye kina cha sentimita 10 na sentimita 30, halafu mrudie vipimo hivyo chini ya mgunga. Kipimajoto kikingwe kwa kivuli cha daftari ili jua lisikipige moja kwa moja, na kikae dakika tatu kabla ya kusomwa. Saa mbili asubuhi tofauti itakuwa ndogo. Saa tano itakuwa kubwa, na mwalimu akibaki kupima saa saba mchana, wanafunzi wakiwa kivulini, anaweza kukuta udongo tupu wa juu umepita nyuzi 50 za Selsiasi wakati kina cha sentimita 30 hakijabadilika sana. Hapo waulize watoto mchwa wanaishi wapi, na kwa nini wanyama wadogo wengi wa nyika huchimba mashimo na kutoka usiku. Majibu watayatoa wenyewe wakiwa na namba mkononi.

Hatua ya sita: pimeni kasi ya maji kuzama

Hiki ndicho kiini cha somo, nacho kipewe muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Wekeni bomba wima juu ya ardhi tupu, ubao juu yake, kisha gongeni taratibu hadi sentimita tano ziwe zimeingia ardhini. Bomba likipinda maji yatavuja pembeni na kipimo kitakuwa hakifai, hivyo ling'oeni na mwanze upya hatua mbili kando. Tandikeni jani ndani ili maji yasichimbue udongo, mimineni robo lita kwa pamoja, liondoeni jani, na mwanze kuhesabu muda. Mtoto mmoja atazame maji, mmoja atazame saa, mmoja aandike. Kila kipimo wabadilishane.

Waelekeze wainamishe vichwa hadi karibu na bomba. Kwenye ardhi iliyokanyagwa wataona maji yamesimama kama yamewekwa kikombeni, yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, huku kiputo kimoja kimoja cha hewa kikipanda kutoka kwenye ufa mwembamba. Matone ya mvua na kwato za mifugo hushindilia chembe laini za udongo zikaziba vitundu, na juu hufanyika gamba gumu linalokataa maji. Chini ya mgunga mambo ni mengine kabisa: kuna majani yaliyooza, mizizi na vijia vya wadudu, na mara nyingi maji huzama kabla anayeshika saa hajatulia. Kando ya kichuguu, pale mchwa walipochimba njia zao, matokeo hutegemea mahali bomba lilipotua, na kwa sababu hiyo kila kundi lipime mara tatu na kutafuta wastani.

Sasa ingizeni hesabu. Ikiwa upana wa ndani wa bomba ni sentimita 10, eneo la mdomo wake ni takriban sentimita za mraba 79, kwa hiyo robo lita ina kina cha takriban milimita 32, ambacho ni sawa na mvua kubwa ya mara moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mtoto akilielewa hilo, ataweza kukokotoa kwamba mvua ya milimita 20 juu ya paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7 huleta lita 1,400. Kisha watembezeni hadi kwenye ukingo wa korongo lililo karibu, wasimame mbali kidogo na ukingo, na wewe uulize maji yaliyokataliwa na ardhi tupu yalikwenda wapi. Ukiwa umefika hapo huna haja ya kueleza mmomonyoko, kwa kuwa watakueleza wao.

Hatua ya saba: kamateni maji yanayotoka kwenye majani

Asubuhi mnapofika, kabla ya kazi nyingine yoyote, fungeni nailoni kwenye tawi lenye majani la kichaka kisicho na miiba, na nyingine kwenye jani la mshubiri, kisha kazeni kwa kamba. Saa tano mtakuta matone ndani ya nailoni ya kwanza na machache sana, au hata hakuna, kwenye ya pili. Mshubiri hufunga stomata zake, yaani vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, mchana na kuzifungua usiku, wakati hewa imepoa, na hivyo hupoteza maji kidogo. Zifungueni nailoni zote kabla ya kuondoka ili majani yasiungue.

Hatua ya nane: msikilizeni mwenyeji

Watoto wakishatoa shikamoo zao na kuketi kivulini, mwombeni mzee wa kijiji awaeleze kuhusu alalili, malisho ambayo jamii ya Wamaasai huyatenga na kuyapumzisha kwa ajili ya kiangazi. Ikiwa ipo karibu na mkaruhusiwa kuingia, rudieni kipimo cha bomba ndani yake na nje yake. Napendelea mzee azungumze baada ya vipimo, si kabla, kwa sababu wakati huo watoto huwa na maswali ya kweli ya kumuuliza, naye hufurahi kuulizwa na watu waliokwisha kuuchunguza udongo wake.

Hatua ya tisa: rudini darasani na namba zenu

Siku inayofuata, chora jedwali moja ubaoni na kila kundi lijaze wastani wake. Namba zitatofautiana, usizisawazishe. Jadilini ni kundi lipi lilikuwa na bomba lililopinda, lipi lilipima mahali palipokuwa na kivuli asubuhi, na lipi lilihesabu vibaya, kisha wachore grafu ya mihimili wakiweka makisio na matokeo bega kwa bega. Baada ya hapo kila kundi lipendekeze njia moja ya kuifanya ardhi tupu ipokee maji, kwa mfano kuchimba matuta ya nusu mwezi yanayoyazuia yasitiririke, au kufunika sehemu ndogo kwa matawi na majani makavu, na waijaribu kwenye kona ya uwanja wa shule kwa bomba lile lile.

Madaftari yabaki kabatini shuleni, yakiwa na ramani ndogo ya mahali kila kipimo kilipochukuliwa, ili darasa litakalofuata lirudi kwenye sehemu hizo hizo mwakani na kulinganisha.