Somo: Kuwatazama Ndege wa Majini kwa Kikundi Wakati wa Baridi

Majira ya baridi huwafaa sana watazamaji wa ndege wa majini, kwa kuwa maji mengi huganda na ndege hulazimika kukusanyika pale palipobaki maji wazi. Lakini miti iliyopukutika majani haitufichi na sisi, kwa hiyo namna kikundi kinavyolikaribia bwawa ndiyo huamua kitakachoonekana.

Hatua ya kwanza: vaeni nguo nzito zisizochakarisha. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha; zenye kukuza zaidi hutikisika, hasa vidole vikishikwa na baridi.

Hatua ya pili: piteni upande utakaoliacha jua migongoni mwenu, maana jua la majira haya hukaa chini, na mkilielekea, kila bata ataonekana kivuli cheusi tu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Simameni mbali kabla ya kuufikia ukingo, kisha angalieni shingo. Ndege aliyeingiwa na shaka huacha kula, hunyoosha shingo, halafu huogelea taratibu kuelekea katikati. Mkiyaona hayo, msipige hatua nyingine mpaka vichwa virudi majini. Kumrusha ndege si ukosefu wa adabu tu, bali ni kumpotezea nguvu anazozihitaji katika siku fupi yenye chakula haba.

Hatua ya nne: chunguzeni tabia kabla ya kutafuta jina. Bata anayekula kwa kuzamisha kichwa na kubinua mkia, anaporuka huinuka moja kwa moja kutoka majini, ilhali bata mzamiaji, anayetoweka kabisa chini ya maji, kwa kawaida hukimbia kwanza juu ya maji ndipo apae. Kukuziwa, mweusi mwenye bamba jeupe kwenye paji la uso, wengi humwita bata, lakini vidole vyake havikuunganishwa kwa utando. Kila kimoja kina vipande vyake vya ngozi pembeni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona miguu ya bata haigandi wanaposimama juu ya barafu?
Jibu: Mishipa inayoshusha damu ya moto miguuni imepakana na ile inayopandisha damu baridi, hivyo joto huhamia kwenye damu inayorudi mwilini. Miguu hubaki baridi bila kuganda, na mwili haupotezi joto jingi.

Swali: Je, tunaweza kuwapa mkate?
Jibu: Hapana. Hushibisha bila kulisha vya kutosha, na mabaki yake huyachafua maji.

Swali: Naomba kuja na mwanangu mdogo. Hatawashtua?
Jibu: Karibuni nyote wawili. Mpe kazi ya kuhesabu bata wanaozama na kuibuka, naye atatulia kuliko watu wazima wengi. Ila mshike mkono karibu na ukingo, kwani barafu iliyopakana na maji wazi ni nyembamba na haimhimili mtu.