Kabla hujabadili rasio za gia kwenye Subaru yako, zingatia haya

Kila wiki nasikia mtu ana Impreza au Forester ya turbo, kashabadili bomba la moshi, kashaweka chujio la hewa, sasa anataka giaboksi yenye difu ya 4.444 (yaani shafti inayoingia kwenye difu inazunguka mara 4.444 ili tairi izunguke mara moja) maana kaambiwa gari itaruka. Ni kweli inaweza kuruka, ila hela ya kazi hii ni nyingi na makosa yake yanaua giaboksi nzima, kwahiyo kaa chini kwanza na kikokotoo kabla hujaenda Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi kutafuta spea.

Anza na swali moja, gari unaitumia wapi. Mtu wa mizunguko ya mjini na mashindano mafupi ya vumbi anataka gia fupi, yaani za namba kubwa zinazofanya injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule, ila kama wewe ni wa Dar kwenda Mbeya kila mwezi, gia fupi zitakuchosha masikio na tenki. Sasa hesabu. Chukua gia tano za Impreza WRX, ile ya turbo, iliyouzwa Marekani mwaka 2002, ambazo ni 3.454, 1.947, 1.366, 0.972 na 0.738, difu yake 3.9, tairi 205/55R16 ambayo mzunguko wake mmoja ni kama mita 1.985. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika gia ya pili inakupa karibu kilomita 110 kwa saa. Weka 4.444 gia hiyohiyo inaishia 96. Umeona shida iko wapi? Ile ya mwanzo inafika 100 ukiwa bado gia ya pili, hii fupi lazima uingize ya tatu kabla hujafika, na kila ukibadili gia kuna muda unapotea, kwahiyo mtu anaweza kulipa hela zote hizo halafu muda wake wa sifuri hadi mia usipungue hata kidogo japo gari inahisi kali zaidi. Kwenye barabara kuu nako, ukitembea 110 gia ya tano injini inatoka kama 2,650 hadi 3,030. Ongezeko ni asilimia 14 kwenye kila gia, safari nzima.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi: difu inabadilisha gia zote kwa kiasi kilekile, pengo kati ya gia na gia halibadiliki. Kwenye hizo namba hapo juu ukitoa ya kwanza kwenye 7,000 ukaingiza ya pili injini inashuka mpaka kama 3,950, ukitoka ya pili kwenda ya tatu inashuka mpaka 4,900 hivi. Kama malalamiko yako ni kwamba ukiingiza ya pili turbo inalala, yaani injini imeshuka chini mno turbo haisukumi, difu haitakusaidia, hapo unahitaji seti tofauti ya gia zenyewe au turbo inayoamka mapema. Jua unachotibu.

Urefu wa mahali nao uhesabu. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na Nairobi na Mbeya ziko kwenye mita 1,700 hivi, yaani karibu asilimia 17 imeshaondoka. Huyo wa bila turbo anayeishi huko ndo difu fupi inamfaa kweli, mlima Kitonga wa njia ya Iringa ataupanda bila kuhangaika na gia ya kwanza.

Sasa hapa soma taratibu, maana hapa ndo magari yanakufa. Subaru inazungusha matairi manne, kwahiyo difu ya mbele iliyo ndani ya giaboksi na difu ya nyuma lazima zikubaliane. Kuna giaboksi za 4.444 mbele na 4.444 nyuma, kuna 4.111 kwa 4.111, halafu kuna za 3.9 mbele na 3.545 nyuma ambazo ndani yake kuna gia ya kupitisha nguvu nyuma ya 1.1, ndo maana namba hazifanani lakini zinakubaliana. Ukichanganya, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inapigana na yenyewe, ukikata kona ya parking gari inajivuta kama kuna mtu kashika breki, baadae harufu ya mafuta yaliyoungua. Rafiki yangu aliuziwa difu ya nyuma kwa maneno tu "hii ni ileile kaka" na hakuhesabu, wiki mbili difu ya kati ikaisha.

Usiamini mdomo wa mtu, hesabu. Difu ikiwa chini mezani, shika upande mmoja usizunguke, zungusha upande wa pili mara 2 kamili huku mwenzio anahesabu shafti ya kuingilia imezunguka mara ngapi. Ikifika karibu 4 na nusu ni 4.444, ikifika kidogo tu zaidi ya 3 na nusu ni 3.545. Kwenye giaboksi soma kodi (namba ya utambulisho) inayoanza na TY halafu ulizia kodi yenyewe, sio "ya WRX" tu, maana WRX zimetoka na rasio nyingi. Angalia pia klachi, kuna za kuvuta na kuna za kusukuma, haziingiliani bila kubadili vitu vingine. Giaboksi ya gia sita ya STI, toleo kali zaidi la Impreza, ni imara sana ila inakuja na difu kubwa ya nyuma, ekseli zake na shafti yake, kwahiyo nunua seti nzima au acha.

Kama bajeti ni ndogo anza na tairi. Kutoka 205/55R16 kwenda 195/50R15 mzunguko unapungua kama asilimia 9, ni sawa na kutoka 3.9 kwenda karibu 4.28, ili mradi rimu ipite kwenye breki zako na zote nne ziwe saizi moja na zimeisha sawa. Tembea nazo mwezi uone kama kweli unapenda gari inayolia hivyo.

Ukishafunga weka oili mpya ya 75W-90 GL-5, giaboksi ya gia tano na difu ya mbele zinatumia oili moja, difu ya nyuma ina yake. Linganisha spidomita na GPS ya simu. Halafu kabla hujaikanyaga, nenda uwanja mtupu ukate kona zote mbili mpaka mwisho wa usukani polepole. Ikijivuta, zima, piga simu wakuvute.