Somo: Hesabu za moli, kutoka ubaoni hadi tanuri la chokaa

Kuna kosa ninalolisahihisha kila mwaka, na anayelifanya mara nyingi si mvivu. Ameandika mlinganyo vizuri na kuusawazisha:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Chini yake anaandika: gramu 2 za hidrojeni zinachukua gramu 1 ya oksijeni, tunapata gramu 2 za maji. Namuuliza tu: umeingiza gramu 3, zimetoka 2, hiyo moja kaila nani? Darasa linacheka, na yeye anacheka, kisha anafuta.

Namba zile za mbele hazihesabu gramu. Zinahesabu moli. Ukilishika hilo, kinachobaki ni kugawanya na kuzidisha.

Moli ni fungu

Doti ya kanga ni kanga 2. Dazeni ya vikombe ni 12. Wauza boriti za mikoko huhesabu kwa korija, yaani 20. Mkemia naye ana fungu lake, moli, lenye vipande 6.02 × 10²³. Na kama korija ya boriti isivyolingana uzito na korija ya fito, ndivyo moli ya kaboni ilivyo na gramu 12 na moli ya kalisi gramu 40, wakati idadi ya atomi ni ileile.

Gramu za moli moja unazipata kwenye jedwali la elementi. Huhitaji kukariri.

Hatua ya 1: andika mlinganyo na uusawazishe

Tuchukue kazi inayojulikana pwani, kuchoma mawe ya matumbawe kupata chokaa. Sehemu kubwa ya jiwe hilo ni CaCO₃, kalisi kaboneti, na chokaa inayotoka ni CaO.

CaCO₃ → CaO + CO₂

Umesawazika wenyewe, 1 kwa 1 kwa 1.

Hatua ya 2: tafuta gramu za moli moja

CaCO₃: 40 + 12 + (3 × 16) = 100
CaO: 40 + 16 = 56
CO₂: 12 + (2 × 16) = 44

56 na 44 ni 100. Hakuna gramu iliyoliwa.

Hatua ya 3: geuza gramu ziwe moli

Tuseme mchomaji amepakia kilo 500 za mawe, na katika kila kilo 100, kilo 90 ndizo CaCO₃. Zilizobaki ni mchanga na uchafu. Kwa hiyo CaCO₃ ni kilo 450, yaani gramu 450,000.

Moli = 450,000 ÷ 100 = 4,500

Wengi hapa hugawanya kilo kwa 100 bila kugeuza kwanza, wakapata 4.5. Andika kipimo kando ya kila namba, kila mstari, hata kama unaona unapoteza wino.

Hatua ya 4: vuka kwa uwiano, kisha rudi kwenye gramu

Moli 4,500 za CaCO₃ zinatoa moli 4,500 za CaO:

4,500 × 56 = gramu 252,000, yaani kilo 252.

Gesi nayo ni 4,500 × 44, kilo 198, zilizopaa angani. Ikishapoa hadi joto la kawaida la chumba, moli moja ya gesi inajaza lita 24 hivi, kwa hiyo ni lita 108,000. Hiyo ni mita za ujazo 108, sawasawa na kinachojaza chumba cha mita 6 kwa 6 chenye dari la mita 3.

Kisha chokaa inamwagiwa maji:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Moli 4,500 za maji, kila moja gramu 18, ni kilo 81. Ndoo nne za lita 20 na lita moja juu.

Hatua ya 5: kipi kinawahi kwisha?

Hapa ndipo pa kukaa. Maabara umepewa gramu 2.5 za CaCO₃ na sentimita za ujazo 50 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.8 kwa lita.

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Moli za CaCO₃ = 2.5 ÷ 100 = 0.025
Moli za HCl = 0.8 × 50 ÷ 1000 = 0.04

Ile 1000 ni ya kugeuza sentimita za ujazo kuwa lita. Ukiisahau utapata moli 40 za asidi kwenye bika ndogo.

Asidi ni nyingi kuliko CaCO₃, kwa hiyo ni ya ziada? Hapana. Fikiria fundi baiskeli mwenye fremu 25 na magurudumu 40. Magurudumu ni mengi zaidi, lakini kila fremu inataka mawili. Ataunda baiskeli 20, na fremu 5 zitabaki zimeegemea ukuta. Vivyo hivyo hapa: asidi inakwisha kwanza, CO₂ ni moli 0.02, na moli 0.005 za CaCO₃, yaani gramu 0.5, zinabaki chini ya bika. Gesi ni 0.02 × 24 = lita 0.48.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nitumie 22.4 au 24?*

Soma swali. Gesi ikiwa kwenye 0 °C na kanieneo ya angahewa moja, ni lita 22.4. Joto la chumba, 24. Na ni gesi tu! Kuna aliyezidisha moli ya maji kwa 22.4. Moli moja ya maji ya kunywa ni gramu 18. Inazidi kidogo tu kijiko kikubwa cha chakula.

*Moli ya oksijeni ni gramu 16 au 32?*

Moli ya nini, atomi au molekuli? Atomi 16, molekuli 32. Ukiambiwa gesi ya oksijeni, ni O₂, tumia 32.

*Nani alikaa akahesabu hizo 6.02 × 10²³?*

Si Avogadro, mwanasayansi wa Italia. Yeye mwaka 1811 alisema gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa zina molekuli sawa kwa idadi. Idadi yenyewe hakuijua. Jina "namba ya Avogadro" lilitolewa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909. Tangu Mei 20, 2019 namba hiyo haipimwi tena, imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili.

*Nina fuwele za Na₂CO₃·xH₂O gramu 14.3. Nimezipasha hadi uzito ukaacha kupungua, zikabaki gramu 5.3. Natafutaje x, yaani moli za maji kwa kila moli ya Na₂CO₃?*

Kilichobaki ni Na₂CO₃: 5.3 ÷ 106 = moli 0.05. Kilichoondoka ni maji gramu 9: 9 ÷ 18 = moli 0.5. Gawanya 0.5 kwa 0.05, x ni 10.

*Shikamoo mwalimu. Baba yangu anachoma chokaa. Nimempa hesabu yako akacheka, anasema yeye maji anatumia zaidi ya ndoo nne, na tanuri halijawahi kumpa namba ya daftari.*

Marahaba. Baba yuko sahihi. Chokaa ikikutana na maji inatoa joto kali, na sehemu ya maji inapaa kama mvuke kabla ya kufanya kazi. Ile 81 ni ya kuungana tu. Kuhusu tanuri, jiwe linahitaji karibu 900 °C, na moto hauingii sawasawa. Mwombe apasue jiwe kubwa lililokwisha poa, adondoshee limau katikati. Likitoa mapovu, hapo bado ni CaCO₃, na gesi yake haijatoka.